Tango la Tatu

Wasomaji wangu, juma lililopita tulimwacha Mama Mizani jikoni kwake, simu sikioni, macho yamemtoka. Mbele yake bintiye, mjamzito wa miezi minane, alikuwa ameng'ata tango na bado hajaanza kutafuna. Na kwenye simu Fundi Pampu alikuwa ametamka neno moja tu: "Asile!"

Basi Mama Mizani hakungoja la pili. Aliruka kama si mama wa watu wazima watatu, akaupiga mkono wa binti, tango likapaa na kwenda kugonga masufuria.

"Tema!"

"Mama!"

"Tema, nimesema! Tema yote, hata maji yake!"

Binti akatema kwenye kiganja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu imevimba, tumbo limemshinda kubeba, na usoni amenuna kwa kunyang'anywa haki yake. Tangu mimba hii ilipoingia hakuwa na hamu ya kitu kingine ila matango. Mimba mbili za kabla yake zilitoka. Hii ndiyo iliyokubali kukaa, nayo ilichagua matango. Nani angethubutu kuinyima?

Matango yenyewe hayakuwa shida. Mama Mizani ndiye anayepima uzito wa maboksi pale shamba kubwa la mabanda ya nailoni, na jina alilipata hapohapo kwenye mizani. Matango yaliyonyooka hufungwa na kwenda madukani. Yaliyopinda mgongo wanunuzi hawayataki, na kila Ijumaa wanawake wa kufungasha hugawana, kila mmoja na mfuko wake. Ladha ni ileile, ila umbo ndilo limepinda.

"Dada, uko hewani?" Fundi Pampu aliita tena. Huyu ni kiongozi wa wapiga dawa shambani, mtu wa makamo anayetembea ameinama hata siku ambayo hana pampu mgongoni.

"Nipo. Sema taratibu, moyo wangu si wa kijana."

"Banda la saba tulilipiga dawa jana jioni. Ile kali, ya wadudu weupe. Hiyo ikishapigwa mtu hatakiwi kuvuna mpaka wiki mbili zipite. Sasa nimepita pale, dada, nimekuta limevunwa. Halina hata tango moja."

Mama Mizani alicheka. Ndiyo, alicheka, kwa raha ya mtu aliyeponea chupuchupu.

"Saba? Aa, wewe nawe! Umenipandisha presha bure. Saba sisi hatujaligusa. Ubao wa ofisini umeandikwa saba limefungwa, nimeusoma mwenyewe. Leo tumevuna la nne."

"La nne?"

"La nne. Nimesimama mlangoni, namba nimeiona, rangi yenyewe bado inanuka."

Fundi Pampu akashusha pumzi. Mama Mizani akashusha yake. Binti, aliyekuwa amesikia nusu nusu, akainama kwa taabu kuliokota tango lake. Na wewe msomaji, kama umeshusha pumzi, ipandishe tena.

"Dada," Fundi alisema, na safari hii sauti ilikuwa chini. "La nne nalo nimelipita. Matango yananing'inia vilevile, hakuna aliyeyagusa."

"Haiwezekani."

"Hiyo namba unayosema umeiona mlangoni. Milango si ilipakwa rangi Jumanne?"

Ilipakwa. Jumatano walikuja wanunuzi wageni, watu wa suti na kamera, na Meneja alitaka shamba ling'ae. Siku zote banda lililopigwa dawa huchomekwa bendera nyekundu mlangoni, na ukiiona bendera huingii, hata kama umesahau kofia yako ndani. Meneja akasema bendera zinatisha wageni. Zikang'olewa zote, badala yake ukatundikwa ubao ofisini. Milango ikapigwa rangi nyeupe, na namba zikaandikwa upya na mpaka rangi aliyeokotwa mjini, kijana ambaye maishani mwake hakuwahi kulima hata bamia.

"Alianzia wapi kuhesabu?" Mama Mizani aliuliza.

"Mimi milango siisomi, dada. Mimi nahesabu kutoka tangi la maji. Wote tunahesabu kutoka tangini, tangu shamba lianze."

Mpaka rangi alishuka kwenye gari getini. Alianzia getini. Na mabanda ni kumi, wasomaji wangu. La saba kutoka tangini, ukilihesabu kutoka getini, ni la nne.

Hakuna aliyedanganya. Wapiga dawa walifuata tangi, wavunaji wakafuata mlango, ubao ukamwambia kila mmoja kile alichotaka kusikia. Na matango yaliyolowa dawa tangu jana yalichumwa asubuhi na wanawake walioingia mle wakiimba.

Mama Mizani alimgeukia binti. Tango lilikuwa mkononi mwake tena, analipangusa kwa upindo wa gauni.

"Weka chini, mwanangu. Weka chini pole pole. Tumshukuru Mungu umetema."

Binti aliliweka chini. Kisha akaanza kuchezea kidole chake cha pete, kama alivyokuwa akifanya utotoni akivunja kikombe.

"Mama, usinikasirikie."

"Kuna nini?"

"Hilo lilikuwa la tatu. Mawili nilikula ulipokuwa unaoga."

Kwenye simu Fundi Pampu alikuwa amesikia. "Usimtapishe!" alipiga kelele. "Mpeleke hospitali, dada. Usikae kungoja dalili!"

Mama Mizani alimpigia mkwe wake, fundi wa majokofu mwenye pikapu inayowaka kwa kusukumwa. Alikuwa upande wa pili wa mji. "Nakuja, Mama, nakuja sasa hivi," akasema, na kelele za magari nyuma yake zikasema vingine.

Hapo ndipo Mama Mizani alipokumbuka kwamba mfuko wake ulikuwa wa matango yaliyopinda tu. Yaliyonyooka yalikuwa ndani ya lori, na lori liliondoka kabla ya saa sita.

Akampigia Meneja.

"Bosi, lori lirudi."

"Lori gani, mama?"

"La leo. Matango ya leo yana dawa."

Akamweleza yote, tangi na geti na rangi. Meneja alisikiliza bila kumkatiza hata mara moja, na Mama Mizani masikini akadhani hiyo ni dalili njema. Alipomaliza, Meneja aliuliza swali moja.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Sijamwambia mtu. Bosi, turudishe lori."

"Mama, yale yameoshwa. Yamepita kwenye birika, maji na klorini."

"Yamepita yote birika moja! Ya banda hilo na ya mabanda mengine, yamechanganyika, hata mimi sijui lipi ni lipi. Na Fundi anasema hiyo dawa haikai juu ya ganda. Mmea unainywa, inaingia ndani."

"Fundi Pampu siku hizi amekuwa mkemia?"

"Bosi, mwanangu amekula."

"Amekula mangapi?"

"Mawili."

"Basi si mengi. Mpe maziwa apumzike. Mama, sikiliza. Hakuna boksi lililoandikwa banda la saba, na banda la nne halijapigwa dawa mwezi mzima. Kila kitu kiko sawa."

"Kiko sawa kwenye karatasi!"

"Wale wageni wametia sahihi juzi tu. Nikirudisha mzigo leo, Jumatatu hakuna shamba, hakuna mizani, na wewe hakuna. Watu mia nne wanakula kupitia shamba lile."

"Na wanaokula matango je?"

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Akampigia dereva wa lori. Huyu alipokea kwa furaha, maana Mama Mizani hakuwahi kumwibia uzito hata siku moja.

"Mzigo umeisha, Mama Mizani! Hapa niko duka la mwisho, nashusha maboksi ya mwisho mwisho. Leo wamepunguza bei, watu wanayagombea kabla hayajafika mezani."

"Waambie wasiuze."

"Mimi?"

"Waambie yana sumu!"

Dereva alijisogeza kwanza mahali pasipo na watu. "Mama, mimi ni dereva. Nikiingia dukani kwa watu nikatangaza sumu, mlinzi atanitoa ameninyanyua kwa mkanda. Mwambie bosi anipigie, nayapakia yote nayarudisha, hata sasa."

"Bosi hataki."

"Basi na mimi sina la kufanya, Mama. Nisamehe."

Hakuwa mtu mbaya. Alimhurumia kweli, na huruma yake haikumzuia hata mteja mmoja asiondoke na tango kwenye kikapu.

Ikabaki ofisi ya wakaguzi wa vyakula. Ikapokea mashine, sauti ya mwanamke aliyelala vizuri: ofisi zetu zimefungwa, tafadhali piga tena siku ya Jumatatu.

"Jumatatu yatakuwa yameshaliwa!" Mama Mizani aliijibu mashine. Mashine ikarudia maneno yake kwa upole uleule.

Akaketi sakafuni, pale pale penye tango. Maji yalikuwa yamezidi unga. Kazini hakuna boksi lililompita likiwa pungufu, wanunuzi wenyewe walilijua hilo, na leo alikuwa na jambo moja tu la kusema ambalo lilikuwa kweli tupu na hakupata mtu wa kulipokea. Alijisikia mdogo, na alimchukia kila aliyemfanya ajisikie hivyo, akianza na nafsi yake.

"Mama," binti alisema. "Mate yananijaa."

Alikuwa anajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, na kabla hajamaliza mate yalikuwa yamejaa tena. Jasho lilimtiririka shingoni, na jikoni hapakuwa na moto.

"Nitazame."

"Sikuoni vizuri. Kuna ukungu."

Mama Mizani alimshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa, zimebaki tundu la sindano.

Nje pikapu ilipiga honi. Mkwe aliingia mbio, akamwona mkewe, akaliona tumbo.

"Uchungu umeanza?"

"Si uchungu. Ni matango."

"Matango?"

"Mshike miguu, baba, maswali utauliza njiani!"

Walimlaza nyuma juu ya mabati ya majokofu, kichwa mapajani kwa mama yake. Mkwe aliendesha huku mkono mmoja umegeuka nyuma, unapapasa kumtafuta mkewe kupitia kidirisha, wala hakuna aliyemwambia aangalie mbele.

Hospitalini muuguzi wa zamu aliuliza mgonjwa amekula nini.

"Matango."

Muuguzi akatabasamu. "Mama, matango ni afya. Sisi wenyewe ndio tunaowaambia wajawazito wale."

"Dada yangu, hayo yamepigwa dawa ya wadudu jana."

Tabasamu likabaki usoni bila kazi. Akakimbia kumwita daktari.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mikono na mkavu wa maneno. Alimulika macho, akasikiliza kifua, akampiga sindano kabla ya mtu yeyote kumwuliza ni ya nini. Kisha akaweka kile chombo cha kusikilizia mtoto juu ya tumbo. Mapigo yalisikika. Mkwe akasema asante kwa sauti, ila Mama Mizani alikuwa anautazama uso wa daktari, na uso ule haukushukuru.

"Yapo," daktari alisema, "lakini yanalegea. Sikilizeni. Dawa za namna hii ni za ukoo wa aina mbili. Sindano niliyompa inafaa zote mbili, itamshikilia kwa muda. Kuna ya pili, yenye nguvu zaidi, ila hiyo ni ya ukoo mmoja tu. Nikimpa na sumu ikawa ya ukoo ule mwingine, nitamwumiza yeye na mtoto. Nataka jina la dawa. Lile lililoandikwa kwenye kopo."

Mama Mizani alitoka koridoni, akampigia Fundi Pampu.

"Fundi, nisomee kopo."

"Kopo lipi, dada?"

"La dawa ya banda la saba."

"Hakuna kopo." Fundi alikuwa na sauti ya mtu anayetaka kulia na hajui aanzie wapi. "Makopo yote yaliondolewa siku ya wageni. Sasa Meneja anatuletea dawa kwenye dumu jeupe. Halina hata herufi. Tunapima kwa kifuniko."

"Wewe hujui unachobeba mgongoni?"

"Naijua harufu yake, dada. Jina silijui."

Ikabidi arudi kwa Meneja. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Ya tatu ikapokelewa.

"Bosi, nipe jina la dawa tu. Sitaki kitu kingine. Nipe jina nimwambie daktari."

"Binti yukoje?"

"Anakufa, bosi."

Meneja alivuta pumzi ndefu. "Nitakutajia, mama. Mimi nami nina watoto. Lakini kwanza elewa jambo moja. Daktari lazima aandike dawa ilikotoka. Akiandika shambani, Jumatatu wakaguzi wako getini, na kila kitu kimekwisha. Kwa hiyo mwambie uliichota wewe stoo, ukaipeleka nyumbani kuua kunguni, binti akaishika kwa bahati mbaya."

"Nimwambie niliiba?"

"Ndiyo. Sitakupeleka popote, nakuahidi. Ingia ndani, sema, simu iache wazi nisikie. Nikishasikia, nakutajia jina."

"Bosi, na yale yaliyoko madukani?"

"Hayo si yako, mama. Wa kwako yuko kitandani."

Hapa, wasomaji wangu, ni rahisi kwetu sisi tuliokaa na gazeti letu. Tungemwambia amtukane, tungemwambia aende polisi. Mama Mizani alitazama kupitia kioo cha mlango. Mkwe wake alikuwa amepiga magoti, ameushika mguu wa mkewe uliovimba kama vile ndiko roho inakotokea. Binti alikuwa anavuta pumzi yenye maji ndani yake. Mara mbili mama huyu alishamwambia binti huyu kwamba Mungu atatoa mwingine. Maneno ya mara ya tatu hakuwa nayo.

Shambani pale hakuwahi kuchukua hata tango moja lililonyooka.

Akasukuma mlango. Simu ilikuwa sikioni.

"Daktari."

"Umepata jina?"

"Dawa niliiba mimi." Sauti ilimtoka bila kutetemeka, na hilo lilimshangaza. "Niliichota stoo kazini, nikaipeleka nyumbani. Ya kunguni. Mtoto akaishika."

Mkwe aligeuka. "Mama, unasema nini?"

"Nyamaza, baba."

Daktari alikuwa ameinua kalamu. "Mwanzo ulimwambia muuguzi matango."

"Niliona aibu."

Daktari alimtazama, kisha akainama akaandika. Mama Mizani aliifuata ile kalamu neno kwa neno, na kila neno lililoandikwa lilikuwa linamwacha mtu mezani kwake mahali fulani na sahani yake ya matango.

"Haya," daktari alisema. "Jina la dawa."

Kwenye simu Meneja alikohoa. "Vizuri sana, mama. Sasa mwambie aandike hivi..."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa muuguzi yule yule, kofia imemwenda upande.

"Daktari, njoo mapokezi. Kuna watu watano, mate yanawatoka, hawaoni vizuri. Mwalimu na wanawe wawili, na wengine wawili hata hawajuani nao. Wanasema hawakula kitu kibaya. Wamekula saladi tu."

Daktari hakutoka. Alikitazama alichokiandika, kisha akamtazama Mama Mizani, na akaziba kalamu yake.

"Mama," alisema. "Na hawa nao nyumbani kwao kuna kunguni?"

Mama Mizani alifungua mdomo. Simu ilikuwa bado sikioni. Meneja alikuwa na jina la dawa kinywani mwake, anangoja kusikia mama atajibu nini.